Kuchagua kipimajoto cha ndani na nje kisicho na waya kwa nyumba ya Dar es Salaam

Ikifika saa 3 usiku mwezi Februari, swali ni lilelile katika nyumba nyingi za Dar es Salaam: tufungue madirisha, au tufunge tuwashe kiyoyozi na kuendelea kula uniti za LUKU? Kipimajoto chenye skrini ya ndani na kihisi cha nje hulijibu swali hilo kwa kutazama mara moja, kwa kuwa kinaonyesha kama nje kumeshapoa au bado bati linamimina joto chumbani. Kwa kigezo hicho nimezipanga aina zinazopatikana madukani, nikianza na ile ambayo ningemshauri mtu wa familia yangu ainunue.

Nafasi ya kwanza naipa seti ya kawaida yenye skrini moja na kihisi kimoja, inayowasiliana kwa redio ya 433 MHz na kupima joto pamoja na unyevu. ThermoPro TP60 ni mfano wa aina hii. Nasisitiza unyevu kwa sababu ya fukuto letu: nyuzi 30 zenye unyevu wa asilimia 55 huvumilika chini ya feni, lakini nyuzi hizohizo zikiwa na asilimia 85 jasho halikauki, na mtoto mchanga au mzee ndiye wa kwanza kuumia. Seti hizi hutumia betri pekee, hivyo umeme ukikatika zinaendelea kufanya kazi. Maelezo ya kwenye boksi yakisema mita 60, fahamu kwamba hizo ni mita za uwanja wazi. Kuta 2 za tofali za saruji, grili na mlango wa chuma hupunguza umbali huo sana.

Nafasi ya pili ni seti inayopokea vihisi kadhaa, kama ThermoPro TP65 inayofika hadi 3. Kwa anayeishi nyumba ya vyumba viwili na hafugi, vihisi vya ziada ni fedha za bure. Kwa mfugaji wa kuku, mimi ningeipandisha iwe ya kwanza, kwa kuwa vifaranga wa wiki ya kwanza huhitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha joto hupunguzwa kama nyuzi 3 kila wiki. Jirani yangu hapa Tabata alikitundika kihisi kwenye boriti ya banda, kikawa kinasoma 33 huku vifaranga wamerundikana kulizunguka jiko la mkaa, wakilia. Hewa ya moto ilikuwa imepanda juu. Tulipokishusha hadi kimo cha migongo yao, kilisoma 27.

Ya tatu ni aina ya Wi-Fi, inayopeleka vipimo kwenye programu ya simu na kuvihifadhi. Inamfaa anayesafiri mara kwa mara, au mwenye friza la biashara anayetaka kupata taarifa joto linapopanda. Tatizo ni kwamba umeme ukikatika ruta nayo huzimika, na ndipo hasa ulipohitaji taarifa ya friza. Bila betri ya akiba ya ruta, sioni sababu ya kuilipia.

Nafasi ya mwisho naiachia ile inayovutia kuliko zote dukani: skrini kubwa ya rangi, picha za mawingu zinazotabiri mvua, na saa inayojirekebisha kwa redio. Saa hiyo hutegemea mitambo kama ya Mainflingen nchini Ujerumani, Anthorn nchini Uingereza au Fort Collins nchini Marekani, ambayo mawimbi yake hayatufikii kwa uhakika, kwa hiyo utairekebisha kwa mkono kama saa nyingine yoyote. Utabiri wake nao husoma mabadiliko ya mgandamizo wa hewa kwa mtindo wa nchi za baridi. Kwetu, karibu na ikweta, mgandamizo hupanda na kushuka mara 2 kila siku, ukifika kileleni karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na kushuka mpaka chini karibu saa 10 jioni na saa 10 alfajiri, mvua iwepo isiwepo. Kwa habari za masika, sikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Kwa aina yoyote, epuka seti ya 915 MHz, kwani hayo ni masafa yaliyotengwa kwa ajili ya nchi za Amerika, na usinunue yenye adapta ya volti 120 pekee, kwa sababu umeme wetu ni wa volti 230. Hakikisha kuna kitufe cha kubadili Farenhaiti kuwa Selsiasi.

Mahali pa kukiweka kihisi pana uzito kuliko jina la kampuni. Changu cha kwanza nilikigongelea ukuta wa magharibi, na jioni kikasoma 41 wakati chini ya mwembe palikuwa 32. Usidhani ukuta wa kusini utakuwa na kivuli mwaka mzima: kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri hupita upande wetu wa kusini, na miezi mingine upande wa kaskazini. Kinachofaa ni upenu mpana au baraza lenye hewa inayopita, kimo cha mita 1.5 hivi, mbali na bati na mashine ya nje ya kiyoyozi. Usikifunge kwenye mfuko wa nailoni, maana unyevu utakaopimwa ni wa ndani ya mfuko. Wakazi wa Kigamboni na Msasani wafungue kifuniko cha betri kila baada ya miezi michache, kwani hewa ya chumvi hula vyuma vyake.

Kabla ya kulipa, iwe Kariakoo au Mlimani City, mwombe muuzaji atie betri, kisha weka skrini na kihisi kando kwa kando juu ya kaunta kwa muda wa robo saa. Vikitofautiana kwa zaidi ya nyuzi 2, omba boksi jingine.