Baseball-Reference na swali la mpigaji bora wa besiboli

Kwa mpenzi wa besiboli anayeishi Dar es Salaam, kutazama mechi ni kazi ya wakesha hoi, kwa sababu mchezo unaoanza saa moja jioni New York wakati wa kiangazi huanza huku kwetu saa nane usiku, na fainali za Oktoba huchelewa zaidi ya hapo. Matokeo yake, wengi tumeujua mchezo huu kwa takwimu kuliko kwa macho, na tovuti ya Baseball-Reference, iliyoanzishwa na Sean Forman mwaka 2000, ndiyo daftari letu. Hapa naipima kwa jambo moja tu: je, inamsaidia mtu kuwapanga wapigaji bora wa historia?

Ukifungua jedwali la wastani wa kupiga, yaani sehemu ya majaribio ambayo mpigaji alifika besi (kituo cha kukimbilia uwanjani) kwa mpigo wake mwenyewe, utavutiwa na uangalifu wa watunzaji wake. Ty Cobb, aliyecheza mwanzoni mwa karne iliyopita, amepewa mipigo 4,189, ilhali ligi kuu ya Marekani yenyewe (MLB) humhesabia 4,191. Tofauti hiyo inatokana na mchezo mmoja wa mwaka 1910 uliohesabiwa mara mbili. Ligi iliamua kuiacha hesabu ilivyo, tovuti ikairekebisha. Mimi niko upande wa tovuti.

Hata hivyo, wastani wa kupiga hauonyeshi mpira ulikwenda umbali gani, wala haumpi mpigaji sifa yoyote kwa subira inayomlazimisha mrushaji kumpa besi ya bure. Hazina halisi ya tovuti hii imo katika safu iitwayo OPS+, ambayo huunganisha uwezo wa kufika besi na nguvu ya mipigo, kisha husawazisha hesabu kulingana na msimu na uwanja, hivi kwamba 100 ni mpigaji wa kawaida. Mwaka 2000 Todd Helton wa Colorado alipata OPS, yaani hesabu hiyo kabla ya kusawazishwa, ya 1.162, karibu sawa kabisa na 1.164 ambayo Babe Ruth aliipata katika maisha yake yote ya uchezaji. Lakini Helton alikuwa akicheza Denver, mji ulio takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi huufanya mpira uende mbali, tena katika miaka ambayo kila timu ilikuwa ikifunga kwa wingi. Baada ya kusawazishwa, Helton anabaki na 163 na Ruth 206. Ruth ndiye aliyepiga hom rani 54 (mipigo inayomwezesha mpigaji kuzunguka besi zote) mwaka 1920, idadi iliyozidi ya timu nyingine yoyote katika American League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, na safu hiyo moja inaeleza ukubwa wake kuliko hom rani zake zote 714.

Kwa upigaji mtupu, mimi humweka Ted Williams bega kwa bega naye. Siku ya mwisho ya msimu wa 1941 wastani wake ulikuwa 0.39955, ambao ungekadiriwa kuwa 0.400, kiwango kinachofikiwa kwa nadra sana, hata kama angekaa benchi; akacheza mechi zote mbili za siku hiyo na kumaliza na 0.406. Jeshi lilimchukua misimu mitatu kamili, 1943 hadi 1945, na likamrudisha vitani Korea, na miaka hiyo jedwali haliwezi kuijaza.

Hapo ndipo mipaka ya tovuti inapoonekana. Barry Bonds anaongoza kwa hom rani 762 bila alama yoyote pembeni kuhusu tuhuma za dawa za kuongeza nguvu, na nadhani ni sawa, kwa kuwa daftari si mahakama. Suala la Josh Gibson ni zito zaidi. Ligi za Weusi za 1920 hadi 1948, alikocheza Gibson kwa kuwa wachezaji weusi walizuiwa ligi kuu, zilitambuliwa kuwa ligi kuu Desemba 2020, na mwaka 2024 MLB ikamtangaza Gibson kinara wa wakati wote wa wastani wa kupiga kwa 0.372. Majaribio yake yaliyothibitishwa ni 2,000 na ushei, wakati Cobb ana zaidi ya 11,000, kwa hiyo kuwaweka kwenye orodha moja kunahitaji msomaji makini. Lakini uchache huo ulitokana na ubaguzi uliomnyima nafasi hadi alipofariki Januari 1947, miezi mitatu kabla ya Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyevunja kizuizi hicho, kuingia uwanjani. Kumwacha nje kungekuwa kosa kubwa zaidi.

Sadaharu Oh, mwenye hom rani 868 nchini Japani, hayumo kabisa kwenye orodha hizo kuu. Kwa vijana wanaocheza pale shule ya Azania jijini Dar es Salaam, katika uwanja uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, pengo hilo litaonekana la ajabu.

Kurasa zote nilizozitaja husomwa bure. Huduma ya kulipia, Stathead, inamfaa mwandishi au mtafiti anayetaka kuchuja misimu kwa masharti yake mwenyewe. Anayetaka kubishana kijiweni tu asitoe hata shilingi.