Nenda Dukani na Kitunguu: Hadubini Ipi Ununue Kwanza, Ipi Uiache

Ukienda kununua hadubini, beba kitunguu maji kimoja, wembe na kipande cha gazeti. Muuzaji atashangaa, mwache ashangae. Ule utando mwembamba unaobanduka upande wa ndani wa gamba la kitunguu utakuambia ukweli kuliko maandishi yote ya kwenye boksi. Seli zake ni kubwa na zimepangana kama matofali ya ukuta. Ukidondoshea tone la ayodini, kila seli inapaswa kuonyesha kiini chake, doa la mviringo lililokolea kuliko sehemu nyingine. Hadubini isiyokuonyesha hilo waziwazi, rudisha kwenye boksi lake.

Nimekuwa fundi wa maabara ya shule ya sekondari mjini Tanga kwa miaka mingi, na kila muhula wazazi na walimu huniuliza swali lilelile: ninunue ipi? Naandika kwa ajili yao, na kwa ajili ya yeyote anayetaka kuona tishu za mmea, nyama, kitambaa, chumvi au unga kwa macho yake mwenyewe. Bei sitazitaja kwa shilingi, maana hupanda na kushuka pamoja na dola. Nimepanga kwa kile utakachokipata kulingana na fedha utakayotoa.

Kwanza, namba ya kwenye boksi

Hadubini ya kwanza niliyonunua kwa fedha yangu iliandikwa "mara 1600". Nilifika nayo nyumbani, nikaweka utando wa kitunguu, nikaona ukungu wa kijivu wenye kingo za rangi ya upinde wa mvua. Wanangu walichungulia kwa zamu, kwa heshima tu, kisha wakaenda kucheza. Kwa bei ileile ningepata kifaa cha mara 400 ambacho kingewafanya wagombanie kiti.

Kukuza picha si kuona zaidi. Mwaka 1873 Ernst Abbe, mwanafizikia wa Jena, Ujerumani, alieleza kwamba nuru yenyewe ina kikomo: hadubini ya kawaida ya nuru haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyo karibu kuliko takriban mikromita 0.2, yaani sehemu moja ya elfu tano ya milimita, hata lenzi ziwe bora namna gani. Ndiyo maana kila lenzi ya chini, ile inayokaribia kitu unachokitazama, huchongwa namba mbili. Kwa mfano, 40/0.65. Ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni uwezo wa lenzi kukusanya nuru. Zidisha hiyo ya pili kwa 1000, utapata ukuzaji wa juu kabisa unaofaa: hapa ni 650. Ukipita hapo unatanua ukungu tu. Muuzaji anayekuwekea lenzi ya jicho ya mara 25 juu ya lenzi hiyo ili afikishe 1000 hajakuongezea chochote.

Chini yake tafuta pia maandishi 160/0.17. Maana yake lenzi imetengenezwa kwa bomba la hadubini lenye urefu wa milimita 160 na kioo kifuniko, kile chembamba kinachofunika unachokitazama, chenye unene wa milimita 0.17. Huo ni mtindo wa zamani unaotumiwa na viwanda vingi, kwa hiyo lenzi ikiharibika utapata nyingine ya kuifunga palepale.

1. Hadubini ya mwanafunzi yenye lenzi tatu na taa ya LED ya kuchaji

Hii ndiyo ninayompendekezea kila mtu mwenye uwezo wa kununua moja tu. Lenzi za chini ziwe mara 4, 10 na 40. Lenzi ya jicho mara 10. Unapata 40, 100 na 400, na hapo ndipo karibu kila kinachovutia nyumbani kinapoonekana. Mwili uwe wa chuma. Uinue: ukihisi wepesi kama jagi la plastiki, picha itatikisika kila lori likipita barabarani.

Watu huangalia lenzi wakasahau nuru, na hapo ndipo pesa huharibika. Chini ya jukwaa panapaswa kuwa na kondensa, yaani lenzi inayokusanya nuru kabla haijafika kwenye slaidi, kile kipande cha kioo unachowekea kitu cha kutazama, pamoja na diaframu ya kupanua na kupunguza tundu la nuru. Jaribu hivi: pitisha kijiti cha pamba ndani ya shavu, pakaza kwenye tone la maji juu ya slaidi, funika, angalia. Tundu likiwa wazi kabisa hutaona kitu, kwa sababu seli za shavu hazina rangi. Lipunguze polepole, na seli zinajitokeza moja baada ya nyingine, bapa, kingo zimejikunja kama chapati. Hadubini isiyo na diaframu haiwezi kufanya hivyo. Ukitaka kiini kikolee, chukua dawa ya GV ya duka la dawa, ile ya zambarau ya vidonda vya mdomo, tone moja kwenye kijiko cha maji. Inatosha kabisa.

Taa ya LED yenye betri ya kuchaji ni lazima kwetu, umeme unapokatika katikati ya kipindi. Zenye kioo cha kuakisi nuru ya dirishani ni nzuri pia na hazihitaji umeme kabisa, ila usikielekeze kwenye jua lenyewe kamwe. Jicho litaungua kabla hujalitoa.

Lenzi ya mara 40 hukaribia slaidi hadi nusu milimita hivi. Kwa mikono ya watoto, ajali ni suala la muda, kwa hiyo hakikisha ncha yake ina springi na hurudi ndani ikigusa kioo. Jukwaa lenye skrubu za kusogeza slaidi ni la thamani kuliko watu wanavyodhani: kwa mara 400 unaona upana wa chini ya nusu milimita, na kusukuma slaidi kwa kidole ni kumpoteza yule uliyekuwa unamtazama.

Na utatazama nini? Chukua uzi mmoja wa kanga ya pamba na uzi mmoja wa kitambaa cha poliesta. Nyuzi za pamba ni kama utepe bapa uliojipotapota; za poliesta ni laini na nyoofu kama fimbo za kioo. Sokoni hutadanganywa tena. Antonie van Leeuwenhoek wa Delft, aliyekuwa wa kwanza kueleza vijidudu vya kwenye maji, katika barua zake za miaka ya 1670, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, kazi ambayo lenzi ilitumika kukagulia nyuzi. Kisha kwangua kiazi mbichi: chembe za wanga, kama kokoto za mtoni, zinageuka bluu iliyoiva zikiguswa na ayodini. Na ukitaka tishu ya mnyama bila kisu cha maabara, chambua kwa sindano mbili unyuzi wa mnofu wa kuku aliyechemshwa, uweke kwenye tone la maji. Kwa mara 400 utaona mistari myembamba ya kukingama, mamia kwa mamia. Ndiyo misuli yenyewe. Mimi kila mwaka huiangalia upya na kila mwaka hunisisimua.

Lenzi ya mara 100 ya mafuta, inayotumiwa na tone la mafuta juu ya slaidi, ile ambayo hospitali hutumia kutafutia vimelea vya malaria, usiiwekee fedha ya kwanza. Kama tofauti ya bei ni kati ya lenzi hiyo na kondensa nzuri, chukua kondensa.

2. Hadubini ya stereo

Inakuza kidogo, mara 10 hadi 40, lakini kwa macho mawili na kwa kina, na kitu hukiwekei kwenye slaidi: unakiweka kizima. Dumuzi ndani ya punje ya hindi, chembe za chumvi, ua, noti, rangi za gazeti zinazogeuka vidoti vya bluu, nyekundu, njano na nyeusi. Kwa mtoto wa chini ya miaka kumi, au kwa mkulima, ningeiweka ya kwanza. Seli hutaziona, ndiyo sababu iko hapa.

3. Foldscope

Ni hadubini ya karatasi inayokunjwa, iliyobuniwa na Manu Prakash na wenzake Chuo Kikuu cha Stanford na kutangazwa mwaka 2014. Ina lenzi moja ndogo kama shanga, kanuni ileile ya Leeuwenhoek, na inakuza takriban mara 140. Inaingia mfukoni na inashikana na simu kwa sumaku. Inachosha jicho, na kurekebisha kunataka subira, lakini kwa klabu ya sayansi yenye watoto arobaini na bajeti ya hadubini moja, ningenunua hizi arobaini bila kusita. Mtoto anayekwenda nayo nyumbani ataangalia vitu mia ambavyo maabara haimruhusu.

4. Hadubini kuukuu ya maabara

Kioo cha zamani cha Japani au Ujerumani kinaweza kuwa bora kuliko kipya chochote cha bei yako. Lakini hapa pwani adui ni kuvu. Toa lenzi, itazame dhidi ya dirisha: ukiona nyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo, acha. Zikishakila kioo hazifutiki. Hata mpya utakayonunua, usiifungie kwenye sanduku la mbao mwaka mzima. Iweke na vifuko vya silika, vile vya kunyonya unyevu, na uitumie mara kwa mara. Angalia pia kama balbu yake bado inapatikana.

5. Kamera ya USB

Inafaa kukagua saketi za simu na ngozi. Kwa tishu, hapana, hata ikiandikwa 1000.

6. Boksi la plastiki lenye "mara 1200" na vikorokoro kumi na viwili

Usinunue. Slaidi zilizomo huwa nzuri kuliko hadubini yenyewe.

Kwa aliye karibu na karakana yenye printa ya 3D ipo njia nyingine: OpenFlexure, hadubini ya usanifu wa wazi, yaani michoro yake iko wazi kwa yeyote kuitumia, iliyoanzia Uingereza na kuendelezwa kwa ushirikiano na mafundi wa Dar es Salaam na Taasisi ya Afya ya Ifakara. Hutumia lenzi za kawaida za hadubini, na kipuri kikivunjika unachapisha kingine. Inataka mtu anayependa kuunda.

Chochote utakachochagua, bakiza fedha ya slaidi tupu, vioo vifuniko vya 0.17, ayodini, na seti moja ya slaidi za tishu zilizokwisha kutayarishwa, zenye viini vya bluu na nyama ya waridi, zikiwemo za damu ili mtoto asijichome kidole. Vioo vifuniko chukua boksi mbili. Moja litaisha wiki ya kwanza.