Usiku mmoja Conques: nyota nne, na ile ya tano nimeikata kwa sababu

Shemeji yangu wa Toulouse alinisumbua mwaka mzima: "Shemeji, hurudi Tanga kabla hujaliona lile kanisa." Haya, tukaenda Conques, kijiji cha bondeni huko Aveyron, kusini mwa Ufaransa.

Lawama kwanza. Nyumba ya wageni tuliyolala ilituahidi kuwa ni "hatua chache" kutoka maegesho. Gari unaliacha nje ya kijiji, halafu ni mteremko wa mawe mtupu. Begi langu likang'oka gurudumu, nikalitwika kichwani, watalii wakapata picha. Na maji ya moto yaliisha shemeji akiwa bado na sabuni mwilini.

Lakini kanisa la Sainte-Foy! Juu ya mlango kumechongwa Siku ya Hukumu, kazi ya karne ya 12, sanamu 124. Wa peponi wamepangwa kama watu wa picha ya harusi. Mambo yako motoni: bakhili ananing'inia na mfuko wa fedha shingoni, shujaa wa vita anapinduliwa kutoka kwenye farasi wake. Kwenye ukingo kuna vijitu vinachungulia, vidole vimeshika jiwe, kama watoto waliokatazwa kuja ngomani.

Vioo vya madirisha 104 ni vya mchoraji Pierre Soulages, mzaliwa wa mji wa Rodez, alivyovitengeneza kati ya 1987 na 1994. Havina rangi, na mchana nilijiuliza kelele zote zile ni za nini. Jua lilipoanza kuzama, upande mmoja ukawa wa chungwa, mwingine buluu. Nikanyamaza.

Katika chumba cha hazina ya kanisa amekaa Sainte Foy mwenyewe, mtakatifu mwenye jina la kanisa, sanamu ya dhahabu na vito. Alikuwa binti wa mji wa Agen. Mabaki yake yaliibwa huko na mtawa wa Conques katika karne ya 9, na hapa wanakusimulia wizi huo bila haya hata chembe. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa wanakijiji waliificha hazina majumbani mwao, ndiyo maana bado ipo.

Usiku tulikula aligot: viazi vilivyopondwa na jibini changa, vinasongwa kwa mwiko mpaka vivutike kama mpira. Nikaomba nijaribu, nikijiamini na mkono wangu wa ugali. Dakika mbili tu, nikarudisha mwiko.

Kanisani hakuna kiingilio, kwenye hazina unalipa. Beba darubini kwa ajili ya ule mlango, na begi la mgongoni.