Barua ya kurudishiwa pesa za mkopo wa gari Uingereza: uzoefu wangu

Kampuni iliyonikopesha pesa za gari iliniandikia kwamba inanirudishia ada ilizonitoza nilipokwama kwenye marejesho. Barua yenyewe ina kurasa tatu. Wa kwanza unaomba radhi, wa pili una jedwali la mistari minne, wa tatu una kisanduku cha kutia sahihi, na huo wa tatu ndio unaofaa kusomwa kwanza. Jina la kampuni naliacha. Nyota nawapa tatu kati ya tano: hesabu ilikuwa sahihi na pesa ziliingia, ila maelezo yalikuwa ya juujuu na ile fomu ilitaka kuzika mambo ambayo barua haikuyagusa hata kidogo.

Mswahili akiambiwa kuna pesa zake ambazo hakuziomba, kitu cha kwanza kumjia kichwani ni "ile pesa tuma kwa namba hii". Ni hofu ya haki. Tangu suala la mikopo ya magari lianze kuvuma Uingereza mwaka 2024, matapeli wamekuwa wakipiga simu wakijifanya ni kampuni za mikopo, na FCA, mamlaka inayosimamia kampuni hizo, imeshatoa onyo. Kwa hiyo usipige namba iliyo kwenye barua, wala usiskani kile kimraba chake cha QR. Chukua mkataba wako wa zamani, au tafuta jina la kampuni kwenye rejista ya FCA mtandaoni, upige namba ya huko. Uliza mambo mawili tu: je, barua hii ni yenu, na je, namba ya mkataba iliyoandikwa inalingana na gari langu? Anayetaka umlipe ada kwanza, au anayeuliza namba ya siri ya kadi au ile namba ya uthibitisho inayokuja kwa simu, ni mwizi. Meseji za namna hiyo zipeleke 7726, ni bure.

Sasa kwa nini kampuni ikukumbuke ghafla? Mara nyingi si huruma. FCA hukagua jinsi wateja waliokwama kwenye marejesho walivyotendewa, na ikikuta walibanwa isivyo haki kampuni hulazimika kufungua mafaili ya zamani. Mfano ulio wazi ni wa Oktoba 2024: tawi la mikopo la Volkswagen nchini Uingereza lilipigwa faini ya takribani pauni milioni 5.4, na likakubali kulipa zaidi ya pauni milioni 21.5 kwa wateja wapatao 110,000 waliokuwa na shida ya fedha kati ya 2017 na 2023. Wengi wa watu wa namna hii hawakuwahi hata kulalamika.

Tuje kwenye jedwali. Langu lilikuwa hivi: ada £350, riba £140, kodi iliyokatwa £28, usumbufu £100. Jumla £562. Mstari wa ada ndio msingi. Ni zile ada za barua za kukumbusha, za makato yaliyogonga mwamba benki na za kumtuma mtu mlangoni. Usikubali jumla tupu. Omba orodha ya kila ada na tarehe yake, kisha uilinganishe na taarifa zako za benki za miaka ile. Ada inayosahaulika mara nyingi ni ile iliyotozwa baada ya mkataba kuvunjwa, kwa sababu huwa imeandikwa kwenye akaunti nyingine. Kama huna karatasi, andika barua pepe ya kuomba taarifa zako binafsi. Sheria inaipa kampuni mwezi mmoja kujibu, na kwa kawaida hairuhusiwi kukutoza hata senti. Taja kwamba unataka mkataba, historia ya malipo na maelezo ya simu zote. Usipotaja simu, hawaziweki.

Riba hapa si riba juu ya riba. Asilimia 8 kwa mwaka, kiwango ambacho Financial Ombudsman Service, msuluhishi huru kati ya wateja na kampuni za fedha, ilikitumia kwa miaka mingi, ukiipiga kwenye £350 kwa miaka mitano inatoa hiyo £140. Kihalisi kila ada inahesabiwa kuanzia siku ulipoilipa, kwa hiyo senti zitatofautiana, lakini ukikuta riba imeanzia tarehe moja kwa ada zote, uliza ni ipi. Wakichagua tarehe ya ada ya mwisho, wamekupunja.

Kodi inakatwa kwenye riba peke yake, asilimia 20. Ada ulizorudishiwa ni pesa zako mwenyewe, hazikatwi. Na hapa watu wengi wanaacha pesa mezani: mlipakodi wa kiwango cha chini ana nafasi ya £1,000 ya riba ya akiba kwa mwaka bila kodi, na hii riba imo humo, wa kiwango cha juu £500. Kama hukuijaza nafasi hiyo, ile £28 unaidai HMRC, mamlaka ya kodi, kwa fomu R40, ndani ya miaka minne tangu mwaka wa kodi uishe. Omba kampuni ikupe cheti cha kodi iliyokatwa. Wangu hawakukiambatanisha mpaka walipoombwa.

Ukurasa wa tatu sasa. Sentensi ya tatizo ilisema, kwa maana yake, kwamba nikitia sahihi napokea malipo kumaliza madai yote yanayohusu mkataba, yanayojulikana na yasiyojulikana. Isome mara mbili. Barua inazungumzia ada za malimbikizo, yaani za marejesho yaliyochelewa. Sahihi inafunga mkataba mzima, pamoja na kamisheni aliyopewa muuza gari. Hilo la kamisheni linaweza kuwa kubwa kuliko ada zote. Hadi 28 Januari 2021, ilipopigwa marufuku, muuza gari aliweza kukupandishia riba ili kamisheni yake inenepe. Tarehe 1 Agosti 2025 Mahakama ya Juu ilikataa sehemu kubwa ya hoja za wakopaji walioshtaki kuhusu kamisheni hizo, lakini ilimpa ushindi mmoja wao, Bwana Johnson, kwa sababu kamisheni ya £1,650.95 ilikuwa sawa na asilimia 55 ya gharama yote ya mkopo wake, naye hakuelezwa ipasavyo. Oktoba mwaka huohuo FCA ikapendekeza mpango wa fidia kwa mikataba ya kuanzia 6 Aprili 2007 hadi 1 Novemba 2024. Kuuza haki hiyo kwa £562 ni biashara kichaa.

Dawa yake si kukataa pesa. Fomu ikae mezani, kwanza tuma barua pepe yenye maneno haya: "Napokea malipo haya kwa ajili ya ada za malimbikizo pekee. Sijaachia dai lolote jingine linalohusu mkataba huu, likiwemo la kamisheni. Tafadhali thibitisheni kwa maandishi." Bila shaka utaiandika kwa Kiingereza. Kwangu walithibitisha na kuleta fomu mpya isiyo na ile sentensi. Wakikataa, unajua kwamba sentensi haikuwekwa kwa bahati mbaya.

Madalali wa madai, wanaokudaia fidia kwa ada, watakupigia. Kwa fidia isiyofika £1,500 wanaruhusiwa kukata hadi asilimia 30, na VAT juu yake, mradi kabla ya VAT isizidi £420. Kwenye £700 hiyo ni £210, na VAT inaifikisha £252, kwa kazi ya kujaza fomu ambayo wewe unaijaza bure. Ukishasaini nao halafu kampuni ikakulipa yenyewe, ujiandae kuletewa ankara.

Kama bado unalipa mkopo, uliza pesa zinaelekea wapi. Wengine huziingiza kwenye akaunti ya mkopo kupunguza deni, na rejesho lako la mwezi linabaki vilevile. Utaona faida mwishoni tu. Kama una malimbikizo, wanaweza kuzitumia kuyalipa kwanza. Kama deni liliuzwa kwa wakusanya madeni, hakikisha wamejulishwa, la sivyo utaendelea kudaiwa ada zilezile ulizorudishiwa. Aliye kwenye Universal Credit, ile posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, aangalie akiba yake: ikipita £6,000 posho inapungua, ikifika £16,000 kwa kawaida inakatika. Aliye kwenye IVA, yaani makubaliano rasmi ya kulipa madeni kidogokidogo, au aliyefilisika amwulize msimamizi wake kabla ya kugusa chochote, maana huenda pesa si zake.

Kitu ambacho barua haikukitaja ni rekodi ya mkopo, na mimi nakiona kina thamani kuliko zile £100 za usumbufu. Alama ya kushindwa kulipa hukaa miaka sita na inapandisha riba ya kila unachokopa. Kama kampuni imekiri ilikutendea vibaya, iandikie irekebishe alama za miezi hiyo kwa Experian, Equifax na TransUnion, kampuni zinazotunza rekodi za mikopo, zote tatu, kisha uangalie mwenyewe baada ya wiki sita hivi. Kwangu mbili zilirekebishwa haraka. Ya tatu ilihitaji barua pepe nyingine.

Usiporidhika na kiasi, lalamika kwao kwa maandishi. Kwa malalamiko ya ada wana wiki nane za kujibu. Wakikupa jibu la mwisho, una miezi sita kuanzia tarehe ya jibu hilo kwenda kwa Ombudsman, bure. Angalia kama ile barua ya kwanza tayari imeandikwa kuwa ni jibu la mwisho. Ikiwa hivyo saa imeshaanza kuhesabu hata kama bahasha iliangukia anwani yako ya zamani.

Na hundi. Majina yetu hapa yanatesa: mkataba umeandikwa majina matatu, benki ina mawili, na aliyeolewa katikati ana la tatu. Hundi ikirudishwa na benki usiibishanie dirishani. Piga simu, omba waifute na walipe moja kwa moja kwenye akaunti. Kwangu ilichukua siku kumi za kazi. Usiiache droo ikae nayo pia, kwani benki nyingi haziipokei hundi iliyopita miezi sita.