Bomba la springi bafuni, bomba la skrubu sebuleni: uzoefu wangu

Kama umepanga na mwenye nyumba hataki kusikia drili kwenye tailizi zake, bomba la pazia la springi litakufaa, ila lina masharti yake. Langu nililinunua Kariakoo kwa bei isiyofika elfu ishirini. Ni la stenlesi na linarefuka kutoka sentimita 110 hadi 200. Halitaki skrubu wala tundu: unalizungusha mpaka vipira vya mwishoni vibane ukuta huu na ule.

Bafuni limekaa vizuri kwa sababu pande zote mbili ni tailizi na kuta zinatazamana sawasawa. Kabla ya kulifunga nilipafuta kwa spiriti na kupaacha pakauke, maana utelezi wa sabuni ukibaki, kipira kitaserereka hata ukaze vipi. Pazia likilowa huwa zito, basi mara mojamoja nalikaza kidogo tena. Ila msikaze kwa hasira jamani. Gonga tailizi kwanza kwa kidole; ikilia kama debe tupu, ujue nyuma yake saruji haikushika, na hapo ukibana sana itapasuka. Na usinunue bomba ambalo itabidi ulivute mpaka mwisho wake ndipo lifike ukutani, kwa sababu likirefuka sana linapinda katikati.

Sebuleni hilo bomba usijisumbue nalo. Dirisha langu ni la karibu mita tatu, pazia ni zito na nyuma yake kuna shia (pazia jepesi la kupitisha mwanga), na ukuta ni plasta iliyopakwa rangi. Kipira kingekwangua rangi tu na kushuka. Nikaomba ruhusa ya kutoboa, nikapewa.

Fundi wa kwanza alikuja na haraka zake. Akafunga vishikio kwa skrubu zilizokuja ndani ya boksi, na tundu moja lililopanuka akalijaza njiti za kiberiti. Likasimama likapendeza. Haukupita muda mrefu upande mmoja ukang'oka na kipande cha plasta. Zile skrubu za kwenye boksi ni fupi, kama sentimita tatu hivi. Ukitoa unene wa kishikio chenyewe, na plasta nayo ina sentimita moja na nusu hadi mbili, kinachobaki cha kushika tofali ni ncha tu.

Fundi wa pili alinipendeza tangu alivyotoa pimamaji kabla ya drili. Alitoboa kwa biti ya milimita 6, akatumia rolplagi za milimita 6 (vile vya plastiki vinavyoingia tunduni ili skrubu ishike) na skrubu za sentimita tano. Kwanza likatoka vumbi jeupe la skimu, ile tabaka laini ya juu ya plasta, kisha la kijivu, naye akaendelea mpaka rolplagi ikazama yote kupita plasta. Akapuliza vumbi nje ya tundu, akaigonga iingie kwa shida kidogo. Ikiingia kwa kidole tu, alisema, haitashika. Juu ya dirisha kuna linta ya zege na drili ililia kweli, tena sehemu moja akakutana na nondo ikabidi asogeze tundu pembeni. Katikati aliongeza kishikio cha tatu. Kwa urefu ule, viwili vya pembeni peke yake vingeacha bomba libonyee.

Vishikio vya plastiki vilivyokuja na bomba nilivitoa, nikanunua vya chuma, vinauzwa peke yake. Tofauti ya bei ni ndogo mno kuliko kumlipa fundi mara ya pili.

Bomba la springi nalipa nyota nne. Ya tano nimeibania kwa sababu ya vipira: kimoja kimeanza kuwa kigumu na kugeuka manjano, na dukani nilikonunua hawana vya akiba, wanauza bomba zima.