Tumbo linalosumbua: kuacha vyote kwa mpigo au kimoja kimoja?

Mwenye IBS, yaani tumbo kujaa gesi na kusokota, leo kuharisha kesho choo kigumu, ana njia mbili upande wa chakula.

Ya kwanza ni mlo wa FODMAP kidogo (FODMAP ni aina za sukari kwenye vyakula ambazo utumbo haunyonyi vizuri), uliobuniwa Chuo Kikuu cha Monash, Australia. Unaacha vitunguu, maharage, ngano, embe na maziwa kwa wiki 2 hadi 6, kisha unarudisha kimoja kimoja. Nafuu huonekana mapema, lakini jikoni ni kazi. Mchuzi bila kitunguu? Unawezekana. Kaanga punje za kitunguu saumu kwenye mafuta, zitoe zikianza kuwa za kahawia, ndipo uweke nyanya. Harufu inabaki, kwa kuwa sukari inayosumbua utumbo haiyeyuki kwenye mafuta.

Ya pili ni kuacha kitu kimoja tu, tuseme maziwa, huku ukiandika daftarini ulichokula na tumbo lilivyofanya. Inakwenda polepole, ila nyumba haipikiwi sufuria mbili.

Mimi ningeanza na hii ya pili. Ile ya kwanza isimamiwe na mtaalamu wa lishe, hasa kwa aliyekwisha kukonda. Na ukiona damu kwenye choo, usijaribu mlo wowote kabla ya kufika hospitali.