Yamaha Enduro farasi 15 kwenye mashua ya mishipi: uzoefu wangu

Mtu akitaka kununua mashine ya boti huniuliza kwanza inakimbia kiasi gani. Ningependa aanze na swali jingine: ikizima mbali na nchi kavu, nani kati yenu chomboni ataiwasha? Hilo ndilo lililonifanya niendelee na Yamaha Enduro ya farasi 15 miaka yote hii, na ilipochakaa ya kwanza nikanunua ileile tena. Nitaeleza kwa nini, na nitaeleza gharama zake pia, maana zipo.

Navua mshipi Tanga. Mashua yangu ni ya mbao, inakaribia mita saba, tezi (yaani sehemu ya nyuma) bapa, inachukua watu watatu au wanne na sanduku la barafu. Kazi yetu kubwa ni kwenye miamba ya nje ya Yambe na Karange kwa changu na chewa, na bahari ikilala tunasogea nje zaidi, kwenye mkondo wa Pemba, kurambaza, yaani kuburuta mishipi nyuma ya chombo kinachokwenda, kwa nguru na jodari. Samaki tunawapeleka mnadani Deep Sea asubuhi. Anayevua ziwani au anayebeba abiria huenda akaona mambo tofauti na yangu.

Mashine yenyewe ni ya mipigo miwili, ile ya kuchanganya oili na petroli. Ina silinda mbili, ujazo wa cc 246, na uzito wa kilo 36 hivi. Haina betri wala kompyuta. Unavuta kamba inawaka. Uzito huo kwangu ni jambo kubwa kuliko nguvu. Fukwe zetu hukauka mbali: wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita tatu, na ukirudi maji yametoka, mashua inalala mbali na nyumba. Mashine haiachwi pale usiku, inabebwa. Kijana mwenye nguvu anaiweka begani peke yake. Ya mipigo minne yenye nguvu hiyohiyo inakaribia kilo 50, na kutembea nayo kwenye matope ni kazi ya watu wawili wanaopumzika njiani.

Halafu kuna urahisi wa kuifungua. Chomboni nina mfuko mdogo: spana ya plagi, bisibisi, koleo, plagi mbili mpya, pini za propela, kamba ya akiba ya kuwashia na kipande cha msasa. Kwa vitu hivyo mambo mengi yanayozima mashine baharini yanamalizika hapohapo. Plagi imelowa oili, unaitoa, unaikausha, unairudisha. Kabureta imepata maji, unafungua skurubu ya chini ya kikombe chake, unamwaga, unafunga. Kijana wangu mdogo chomboni anayajua haya yote, na kila anayeanza kuvua na mimi hufundishwa pwani kabla ya kukabidhiwa mshipi.

Sasa mafuta. Inakunywa, tusidanganyane. Ukifungua mkono wa mafuta wote hesabu lita saba hadi nane kwa saa, kwa hiyo tangi la lita 24 ni saa tatu na kitu. Lakini mashua ya mbao yenye mkuku na mzigo haipandi juu ya maji kama boti nyepesi ya faiba. Ikifika mwendo wake imefika. Ukizidisha mkono unazamisha tezi na kuchoma petroli bure. Mimi husikiliza mashine: nafungua mpaka mwendo hauongezeki tena, kisha narudisha nyuma kidogo. Hapo safari ya kwenda Karange inabaki vilevile na dumu linadumu zaidi.

Mchanganyo una kanuni yake na haibadilishwi na mtu wa kijiweni. Ikiwa mpya, saa 10 za kwanza ni petroli 25 kwa oili moja, na huikimbizi kwa nguvu zote. Baada ya hapo ni 50 kwa moja. Kwa dumu la lita 20 hiyo ni mililita 800 mwanzoni, na mililita 400 baadaye. Changanya kwenye dumu pwani, tikisa vizuri, ndipo umimine kwenye tangi kupitia kitambaa safi. Oili iwe ya mashine za boti, yenye maandishi TC-W3. Ya pikipiki ni rahisi na inapatikana kila duka, lakini imetengenezewa injini inayopozwa na upepo. Kwenye mashine inayopozwa na maji inaacha masizi juu ya pistoni na ringi zinaganda. Nimeona mashine nzuri za wenzangu zikifa hivyo kwa kutaka kuokoa pesa ya chai.

Kwenye kurambaza kuna jambo la kujua. Nguru anataka mwendo wa taratibu kwa muda mrefu, na mashine ya mipigo miwili ikizungushwa taratibu muda mrefu hulowesha plagi kwa oili isiyoungua. Itaanza kukohoa. Dawa yake ni kuvuta mishipi ndani kila baada ya muda na kuifungua mashine ipumue dakika chache, kisha unaendelea. Ukizoea huoni shida, ila mtu ambaye kazi yake yote ni kurambaza mchana kutwa ningemshauri aangalie mipigo minne.

Jambo ambalo ningetaka kila mvuvi wa mshipi alishike ni hili la nailoni kwenye propela. Mashine zetu zina adui ambaye za wabeba abiria hazimjui sana, naye ni mshipi wenyewe. Kipande kilichokatika au mshipi wa mwenzio unaoelea hunaswa na propela, unajizungusha kwenye shafti kwa ndani, mahali usipopaona kutoka nje. Unabanwa, unapata joto, unakuwa mgumu, kisha unaanza kula sili ya mpira inayozuia maji yasiingie kwenye gia. Siku hiyo huhisi chochote. Mashine inaenda, gia inaingia, unavua, unauza. Maji ya chumvi yanaingia polepole na kukaa na meno ya gia, na siku gia inapoanza kulia ujue chuma kimeshaliwa.

Kwa hiyo propela ya mashine yangu hutoka mara kwa mara, na kila tukihisi tumegusa mshipi hutoka siku hiyohiyo. Unanyoosha pini, unafungua nati, unavuta propela, unatazama shafti pande zote, unatoa nailoni kwa mkono au kwa ncha ya kisu bila kuichuna sili, unapaka grisi ya baharini, unarudisha na pini mpya. Ni kazi ya muda mfupi kuliko kupara samaki wa mchana. Oili ya gia nayo uiangalie: legeza skurubu ya chini kidogo, itone. Ikiwa imegeuka rangi ya maziwa, maji yameingia na sili zibadilishwe kabla ya safari nyingine. Ukijaza oili mpya, jaza kwa kuisukuma kutoka tundu la chini mpaka itokee la juu, usimimine kutoka juu, maana hewa itabaki ndani na utadhani imejaa.

Baada ya hapo ni mkojo. Mashine inapowaka lazima itoe mchirizi wa maji pembeni, na macho ya aliyeshika mkono yawe hapo kabla hajaingiza gia. Mchirizi ukiwa mwembamba, mara nyingi tundu limeziba kwa mchanga au chumvi, na waya mwembamba unatosha kulizibua. Ukikatika kabisa, zima. Kinachosukuma maji hayo ni impela, gurudumu dogo la mpira lililo ndani ya mguu wa mashine, na pwani zetu zenye mchanga huila. Mimi hubadilisha kila mwaka hata kama bado inaonekana nzima.

Na hapa niseme kuhusu vipuri. Duka moja la mjini liliwahi kuniuzia impela katika boksi lililofanana kabisa na la kiwanda. Mpira wake ulikuwa mkavu, mapezi yakapasuka mapema mno, na vipande vikaingia kwenye njia za maji. Fundi ilibidi afungue mpaka kichwa cha silinda kuvitoa. Tangu hapo nanunua kwa wakala tu, hata nikisubiri mzigo uje kutoka Dar es Salaam. Impela halisi ukiikunja kwa kidole inarudi mara moja. Ikibaki imekunjika au ikionyesha nyufa, iache kaunteri.

Kuiosha ndiko kunakoamua mashine yako itaishi miaka mingapi. Nyumbani nina pipa la maji baridi, yasiyo na chumvi. Tukirudi, hata kama ni usiku na watu wamechoka, mashine inatundikwa kwenye ubao, mguu ndani ya pipa, inawashwa bila gia kwa dakika kama kumi mpaka chumvi yote imetoka ndani. Kisha natoa mpira wa mafuta na kuiacha ichome petroli iliyobaki kwenye kabureta mpaka izime yenyewe. Inasimama wima ili maji yashuke. Kifuniko kinafunguliwa, natazama, nafuta kwa kitambaa chenye oili kidogo. Usimwagie maji kwa mpira ndani ya kifuniko. Waya na koili hazipendi. Kipande cha zinki kilicho karibu na propela kimewekwa pale ili kiliwe na chumvi badala ya mwili wa mashine, kwa hiyo kikipungua sana kibadilishe, na usikipake rangi, kitakuwa hakifanyi kazi.

Mashine pia inaifanyia mashua jambo ambalo tanga halikulifanya: inatikisa tezi. Mbao za nyuma zinalegea kwenye maungio, pamba ya kalafati inayoziba mianya ya mbao inatoka, na maji yanaanza kuingia pale ambapo zamani palikuwa pakavu. Tangu nifunge mashine, tezi nimeiongezea ubao mgumu kwa ndani na magoti mawili yanayoishika kwenye mbavu. Skurubu za kubania nazikaza kila asubuhi, na kuna kamba nene kutoka kwenye mashine hadi kwenye pete ya chuma chomboni, kwa sababu mashine inayoruka tezini hairudi. Kila tukipandisha chombo, fundi anaanza na nyuma: anakung'uta pamba kuukuu, anakalafati upya, ndipo tunasugua makombe chini na kupaka. Chini pakiwa na makombe na majani, lita zako mbili zinakwenda kwa kuyavuta hayo.

Angalia na urefu wa mguu kabla hujalipa. Kuna mfupi wa inchi 15 na mrefu wa inchi 20. Bamba lililo juu ya propela linatakiwa likae sawa na chini ya chombo au chini yake kidogo. Ukiweka mfupi kwenye tezi ndefu, kila wimbi litakuwa linaiacha propela hewani, mashine inalia na chombo hakiendi. Mashua zetu nyingi zinataka mrefu.

Wakati wa kusi mimi sitegemei mashine peke yake. Mlingoti na tanga dogo viko chomboni mwaka mzima. Taarifa ya upepo na mawimbi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa husikilizwa usiku kabla ya kulala, na jaketi okozi ni moja kwa kila kichwa. TASAC, wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini, wakikagua watazitafuta, lakini tungekuwa nazo hata wasingekagua. Na kamba ya swichi ya kuzimia ifungwe mkononi mwa mwenye usukani. Watu huidharau. Akianguka majini, mashine izime papo hapo, isiendelee kuzunguka na kumrudia.

Kuhusu mipigo minne: inakunywa kidogo, haina moshi, na unaweza kuzungumza na mwenzio bila kupiga kelele. Ulaya na Marekani mashine za kabureta za mipigo miwili kama hii haziuzwi tena mpya kwa sababu ya kanuni za moshi, na hoja yao ni ya kweli: oili isiyoungua inaishia kwenye maji tunayovulia. Hilo linaniuma, na ndiyo sababu siongezi oili kupita kipimo. Mwenye boti ya faiba inayolala kwenye gati, na fundi mwenye vifaa karibu, achukue mipigo minne bila wasiwasi. Kwa mashua ya mbao, pwani inayokauka na fundi ambaye ni wewe mwenyewe, bado naichagua Enduro.

Mpya inahesabiwa kwa mamilioni, kwa hiyo wengi wataanza na iliyotumika. Fungua kifuniko: chumvi nyeupe kwenye bolti inaonyesha haikuwa ikioshwa. Vuta kamba polepole, usikie ugumu ulio sawa kwa silinda zote mbili. Toa plagi uzilinganishe rangi. Tonesha oili ya gia. Iwashe kwenye pipa, ngoja ipate joto, tazama mkojo, ingiza mbele na rivasi. Pitisha kidole kwenye mabano ya kubania utafute nyufa zilizopakwa rangi. Mwisho soma kibao cha namba kwenye mabano na uombe risiti yenye namba hiyohiyo, kwa sababu mashine zinaibiwa sana pwani hii, na nyuma ya kila iliyoibiwa kuna chombo kilicholala mchangani. Kibao kikiwa kimekwanguliwa, usibishane bei. Ondoka, na umjulishe mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe.